Mdomo wa Mama Mkwe

Mimi ni mtu wa hasira za karibu, na ni vizuri nikalisema hilo mapema. Mwaka ule Tofiki alinikasirisha kuliko mtu yeyote, na Tofiki ndiye mtu mwema kuliko wote niliopata kufanya nao kazi. Kumkasirikia mtu mwema kunachosha sana, maana humpati mahali pa kumshika.

Yeye ni afisa wa afya ya kinywa katika hospitali moja ya upande wa Msambweni. Watu humwita daktari wa meno. Zamani alikuwa akiwasahihisha, siku hizi huitika tu. Mimi naitwa Kanze, msaidizi wake. Nachemsha vyombo, nashika taa, nafyonza mate, na wanaoogopa sindano nawapa mkono wangu wapate cha kubana. Ninatoka Kinango, ambako maji ya kisima chetu yaliyapaka meno yangu rangi ya kahawia tangu utotoni. Wagonjwa wakiniona nikicheka hushangaa mtu kama mimi anatafuta nini katika chumba cha meno. Huwaambia niko pale kama mfano.

Tofiki ni mwana wa Bodo, mtoto wa mvuvi wa kaa wa kwenye mikoko. Hana sauti kubwa. Mgonjwa akiketi kwenye kiti huku anatetemeka, yeye humwuliza habari za nyumbani, za mvua, za mbuzi, mpaka yule mtu anajikuta ameshafungua mdomo mwenyewe. Ana tabia moja ninayoipenda. Mtu akija analia na jino lake moja, Tofiki halishiki lile jino kwanza. Huzunguka kinywa kizima: huinua ulimi, huvuta mashavu, hutazama kaakaa, huipapasa shingo chini ya taya, ndipo aliendee jino. "Jino linapiga kelele," huniambia, "lakini kilicho kibaya zaidi kinywani hunyamaza, Kanze. Lazima ukitafute."

Mkewe ni Hadiya, mwalimu wa watoto wadogo. Na Hadiya ni binti wa Bi Kibibi wa Kibuyuni, mkulima wa mwani, ambaye ndiye chanzo cha mashaka yote haya.

Hapa inabidi nieleze jambo ambalo mtu wa kwetu haelezwi. Mwanamume hazoeani na mama wa mkewe. Haketi naye mkeka mmoja, hali mbele yake, wala hamtazami usoni. Akimkuta njiani huinamisha kichwa akapisha. Si chuki hiyo, ni heshima, na kadiri heshima inavyokuwa kubwa ndivyo umbali unavyozidi. Kwetu Kinango ni hivyo hivyo. Mume wa dada yangu akija, hukohoa tangu kule kwenye zizi ili mama yangu apate nafasi ya kukimbilia ndani, na mama akikimbia hucheka peke yake jikoni, maana anampenda sana. Vijana wa siku hizi wengi wameyaacha mambo hayo. Tofiki na Bi Kibibi hawakuwa wameyaacha. Akienda Kibuyuni, Tofiki husimama barazani na kusema, "Shikamoo, mama," akitazama kizingiti. Bi Kibibi hujibu kutoka ndani, "Marahaba, mkwe wangu." Chakula kilipikwa na mama, kikaletwa na Hadiya, kikaliwa na Tofiki, na ukuta ulikuwa katikati yao siku zote. Nadhani katika miaka yote ya ndoa ile Tofiki alichokijua kwa mama mkwe wake ni sauti na miguu.

Na Bi Kibibi ni mtu wa kuonwa. Ni mwanamke mfupi, mwenye mikono iliyokatwakatwa na kamba za mwani, na kicheko kinachosikika kabla yeye mwenyewe hajatokea. Harusi haikukamilika Kibuyuni wala Shimoni mpaka Bi Kibibi atengeneze uraibu: majani ya tambuu yamekunjwa vizuri, popoo imekatwa nyembamba, chokaa na tumbaku kwa kiasi anachokijua yeye. Kijaluba chake, kikopo kidogo cha chokaa, hakikumtoka kiunoni. Alitafuna asubuhi akienda shambani baharini, akatafuna mchana akianika, akatafuna jioni akizungumza. Midomo yake ilikuwa myekundu siku zote, akasema hiyo ndiyo rangi ya mwanamke aliyelelewa.

Mwaka ule chuo kimoja cha Mombasa kilileta utafiti. Walitaka kujua watu wa kusini wanavyovitunza vinywa vyao: wagonjwa, wanafunzi wanaoisomea kazi hii, na sisi tunaoifanya. Kila kundi lilikuwa na maswali yake. Wagonjwa waliulizwa habari za mswaki, sukari, uraibu na tumbaku. Tofiki naye aliulizwa, tena na mwanafunzi aliyekuwa chini yake, kama huwa anakagua kinywa chote cha kila mgonjwa.

"Kila mgonjwa," akajibu. "Bila kubagua."

Nilikuwa nyuma yake nikipanga vyombo, nikaona ana haki ya kujisifu kidogo.

Mwanafunzi mwenyewe aliitwa Lewis, kijana mrefu wa Nakuru, mchapakazi, mwenye pupa ya kuona ugonjwa katika kila mdomo unaofunguliwa. Alikuwa na adabu nzuri, ila adabu yake ilikuwa ya kwao. Tulikwenda naye Kibuyuni siku ambayo maji yalikuwa yamejaa na wanawake hawakuwa na kazi baharini. Tulipewa banda la kukaushia mwani. Upande mmoja Tofiki aliwakagua wanaume. Upande wa pili Lewis aliwakagua wanawake, nami nikimshikia taa. Palikuwa na utani mwingi. Wanawake walimwambia Lewis kwamba mwanamume anayetaka kuhesabu meno ya mke wa mtu alete kwanza wazee wake.

Bi Kibibi aliletwa na wenzake wakimsukuma. Alichungulia upande wa pili, akamwona mkwe wake amewapa mgongo wanawake wote kama inavyotakiwa, akaketi. Kwa kijana wa bara asiye na ukoo pwani hakuona haya. Akafungua mdomo.

Haukufunguka. Ulifika nusu ukakwama. Alicheka akasema ni uzee wa taya. Lewis akaingiza kioo kidogo, akalivuta shavu la kushoto, nami nikasogeza taa. Niliona nilichokiona. Nimeshika taa katika chumba cha meno muda wa kutosha kujua kipi cha kawaida na kipi si cha kawaida, na kile hakikuwa cha kawaida. Lewis alikipiga picha kwa simu, kama alivyowapiga wengine kwa ruhusa yao. Halafu, kabla sijamkanyaga mguu, akapaza sauti.

"Daktari! Kuja uone hii!"

Tofiki akainuka, glavu mikononi. Alipita katikati ya banda akija kwetu kwa ule mwendo wake wa kazini. Akafika karibu, akaona ni nani aliyeketi pale, mdomo wazi, mate mekundu yakimtiririka kidevuni.

Akageuka. Akampa mgongo.

Hakufikiri, mwili wake ulifanya ulichofundishwa. Bi Kibibi akafunga mdomo, akajifunika leso mpaka machoni, akatoka nje ya banda upande wa pili. Wale wanawake waliokuwa wakicheka wakaanza kutafuta viatu vyao.

"Sasa anaenda wapi?" Lewis akauliza. "Daktari, si umwite?"

"Ni mama yangu mkwe," Tofiki akasema, bado ametazama ukutani.

"Sawa, lakini si ndiyo vizuri? Ni family!"

Nilikusanya vyombo kwa ghadhabu, na sikujua nimemkasirikia nani zaidi, aliyeita au aliyegeuka.

Siku iliyofuata nilimfungia Tofiki mlango wa chumba cha meno kabla wagonjwa hawajaanza kuingia. Nilikuwa nimeichukua ile simu ya Lewis. Nikamwambia, "Tazama picha."

"Siwezi."

"Ni picha, Daktari. Si yeye."

"Ni mdomo wake, Kanze. Aliufungua akijua mimi nimempa mgongo. Nikiitazama nitakuwa nimemwibia."

"Wewe unatazama vinywa vya watu kutwa! Umetazama vya walevi, vya wazee, umetazama kinywa changu mimi!"

"Wewe si mkwe wangu," akasema, na kwa namna alivyolisema sikuweza hata kucheka.

Akakaa kwenye kile kiti cha wagonjwa. Sikuwahi kumwona amekikalia. Akafumba macho, akasema, "Niambie wewe. Nieleze ulichoona."

Basi nikamweleza, picha mkononi mwangu, yeye macho kafumba. Nikasema ni upande wa kushoto, ndani ya shavu, pale anapowekea tambuu. Akauliza rangi. Nikasema nyeupe, na katikati nyekundu. Akauliza kingo zake. Nikasema zimeinuka. Akauliza kama kuna kidonda. Nikasema ndiyo, kipo, hakina usaha. Akauliza kama alipoguswa na kioo alishtuka. Nikafikiri, nikakumbuka kwamba hakushtuka hata kidogo.

"Hakiumi," akasema.

"Hakiumi."

Nilitaka aseme ni chokaa imemuunguza, aseme ni jino bovu linamkwaruza, aseme chochote. Alivua miwani akaifuta kwa koti lake, akaivaa, akasema nimwite mgonjwa wa kwanza.

Kuanzia hapo Tofiki alikuwa mtu mwingine. Alimtuma Hadiya kwa mama yake. Hadiya akarudi na jibu kwamba ni chokaa tu, kwamba mama ana jambo gani wakati anakula na kulala vizuri. Akamtuma tena amwambie aende Mombasa kwa daktari mkubwa, mgeni, ambaye hana haja ya kuonewa haya. Jibu likaja: Mombasa nina nani mimi? Akamtuma mara nyingine, na safari hiyo Hadiya alirudi analia, maana alikuwa amemwona mama yake akila uji kwa kijiko cha chai, mdomo haupitishi kijiko kikubwa. Alipomwuliza, mama alimfukuza jikoni.

Kazini Tofiki alidondosha vyombo. Mgonjwa yeyote akisema anatoka Kibuyuni, alimwuliza, "Na Bi Kibibi hajambo? Mmemwona? Anazungumza vizuri?" kwa sauti ya kupitisha muda, huku glavu zimeshamlowa jasho. Aliacha kula mchana. Nilimwona mara mbili tatu amesimama dirishani, vidole viwili chini ya taya lake mwenyewe, akitafuta kwenye shingo yake ule uvimbe alioogopa kwamba upo kwenye shingo ya mwingine. Wahenga walisema mganga hajigangi. Nilimtupia hiyo siku moja kwa uchungu, akasema, "Kujiganga ni rahisi, Kanze. Mimi siogopi mdomo wangu."

Nilishindwa kuvumilia. Siku maji yalipotoka sana nilikwenda Kibuyuni mwenyewe. Nilimkuta Bi Kibibi shambani kwake baharini, maji yakimfikia magotini, akifunga mbegu za mwani kwenye kamba. Mimi ni mtu wa nchi kavu. Niliingia majini na viatu vyangu, nikasimama pale nikiogopa vidudu vya baharini vinavyochoma.

"Shikamoo, Bi Kibibi."

"Marahaba. Umetumwa?"

"Sijatumwa. Nimekuja na hasira zangu."

Akacheka, akaziba mdomo kwa upande wa leso. Zamani hakuwa akiziba. Upepo ulipogeuka niliisikia ile harufu, nikajua kwa nini.

"Mficha maradhi kifo humuumbua," nikamwambia. "Hilo si mimi niliyelisema kwanza."

"Nalijua. Nimelisema kwa watu wengi."

"Basi? Mtu ufe kwa ajili ya adabu?"

Alifunga mbegu nyingine, akakaza kamba, ndipo aliponitazama. "Wewe binti, umeolewa?"

"Niliolewa."

"Basi utanielewa. Hadiya alipokaa miaka bila kupata mtoto, ndugu zake mumewe walikuja Bodo kumshauri aongeze mke. Walikuja na mchumba tayari. Unajua aliwajibu nini? Hakuwaambia nampenda mke wangu. Hayo wangemcheka. Aliwaambia, nitasimama vipi mlangoni kwa Bi Kibibi? Wakanyamaza. Wote walijua maana yake." Akaishika kamba kwa mikono miwili. "Adabu hiyo unayoitukana ndiyo iliyoilinda nyumba ya mwanangu. Sasa unataka nimfungulie huyo huyo mdomo unaonuka, atie vidole vyake humo? Nitabaki nani? Kizee mgonjwa tu, mmoja katika foleni. Na akisha kuniona hivyo, siku wakija tena wale ndugu, atawaambia nini?"

Kilichoniudhi zaidi ni kwamba nilikuwa nimekuja na maneno mengi na lake moja likayashinda.

"Na kuna jingine," akasema, sasa kwa sauti ndogo. "Wakishakata, huenea. Nimewaona. Chuma kikigusa tu, mtu hamalizi mwaka."

"Huenea kwa kuachwa, Bi Kibibi. Uliowaona walikwenda wamechelewa."

"Pengine." Akatazama upande wa kisiwa cha Wasini. "Ningekuwa mtu mwingine ningekuja. Wallahi ningekuja leo."

"Basi njoo ukiwa mtu mwingine!" nikamfokea, nikageuka kwenda zangu, nikajikwaa kwenye kigingi cha mwani nikaanguka majini mzima mzima. Alicheka, na safari hii alisahau kuziba mdomo.

Nilisema vile kwa hasira tu. Sikuwa na mpango wowote. Lakini haukupita muda, asubuhi moja yenye wagonjwa wengi, niliita anayefuata akaingia mwanamke amevaa buibui na kujifunika uso wote. Nikamwuliza jina. Akasema jina ambalo silijui. Akapanda kwenye kiti, akajilaza, akatoa leso mkobani akaikunja vizuri, akaiweka juu ya macho yake. Kisha akafunua uso kutoka puani kwenda chini. Mikono aliyoikutanisha tumboni ilikuwa na mikato ya kamba kila mahali.

Niliijua ile mikono. Tofiki alikuwa akinawa, ametupa mgongo. Akageuka huku anavaa glavu, akaanza, "Karibu, mama, habari za..." akaishia hapo.

Aliitazama ile mikono. Aliitazama miguu, ambayo aliijua. Nilimwona anaelewa, na nilimwona mwili wake unaanza kugeuka kama ulivyogeuka siku ile bandani. Bega lilikuwa limeshakwenda. Nikasema moyoni, ukigeuka leo, Tofiki, naacha kazi, na kabla sijaacha nakupiga na hii trei.

Hakugeuka. Alisimama tu, akipumua kwa mdomo nyuma ya barakoa.

"Habari za nyumbani, mama?" akasema mwishowe.

"Njema, Daktari," akajibu aliyefunikwa macho. Hakuwahi kumwita hivyo.

"Na mwani unaendeleaje?"

"Unakua. Mvua ikizidi huharibika, lakini unakua."

"Naomba ufungue mdomo. Kadiri unavyoweza. Usijilazimishe."

Akafungua. Nikasogeza taa. Tofiki aliinua ulimi, akatazama kaakaa, akatazama upande wa kulia kwanza kama anavyofanya kwa kila mtu. Ndipo akalivuta shavu la kushoto. Alitazama kwa muda mrefu. Sehemu ya uso iliyobaki nje ya barakoa haikuniambia kitu. Kisha akatia vidole viwili chini ya taya la Bi Kibibi, akapapasa shingo polepole, upande huu na upande huu, akarudia, akarudia tena.

"Shingoni sisikii kitu," akasema. Alimwambia yeye, lakini nadhani alijiambia mwenyewe pia. "Mama, ndani ya shavu kuna kidonda. Kwa kutazama siwezi kukuambia ni nini. Ninahitaji kukata kinyama kidogo, kama punje ya mchele, kiende Mombasa kikapimwe. Nitakutia ganzi. Hakutaeneza kitu, kunatuambia tu tunapigana na nani. Ukikataa, nitaheshimu."

Ile leso juu ya macho ya Bi Kibibi ilikuwa imelowa pande mbili.

"Fanya," akasema.

Sindano ya ganzi ilikwenda vizuri. Lakini Tofiki alipoukamata ule wembe mdogo, mkono ulimtetemeka. Nimemwona akikata uvimbe kwa watoto wanaopiga mateke, mkono haukuwahi kutikisika. Aliuondoa, akapumua, akaurudisha. Ukatetemeka vile vile. Akaniangalia, na machoni mwake niliona mtu anayetaka kuomba aondolewe pale. Nikajua akiweka chombo chini hakuna atakayemrudisha yule mama kwenye kiti kile tena.

Bi Kibibi alingoja. Kisha akauinua mkono wake, akapapasa hewani bila kuona, akaushika mkono wa mkwe wake kifundoni. Mwanamke ambaye hakupata kuugusa hata upindo wa shuka yake aliushika kwa nguvu zile zile za kukaza kamba, akauegemeza kwenye kidevu chake mpaka ukatulia.

"Kata, mwanangu," akasema.

Akakata.

Kile kinyama kilikwenda Mombasa ndani ya chupa ya dawa, nasi tukabaki kungoja. Sitaki kuueleza sana ule wakati wa kungoja. Hadiya aliambiwa, akawa anapiga simu asubuhi na mchana kuuliza kama kuna habari. Simu ya Tofiki ikilia, sote wawili tuliruka, hata Lewis, ambaye alikuwa amejifunza mambo na sasa alikuwa akitembea kwa ncha za vidole ndani ya chumba chetu. Bi Kibibi alirudi baharini kwake. Uraibu ulimshinda kuuacha, akajaribu, akarudia, akajaribu tena. Kijaluba alimpa jirani amfichie, kisha kila jioni akaenda kugombana na huyo jirani.

Majibu yalifika Tofiki akiwa na mgonjwa kitini. Alisoma, akaiweka simu mfukoni, akamaliza kuziba jino la watu, akamwambia asile upande ule mpaka jioni. Ndipo akaniambia, "Twende Kibuyuni."

Njiani, huku akiendesha gari, alijizoeza maneno. Mimi nilikuwa Bi Kibibi, yeye akawa daktari. Ni saratani, mama, lakini ni ya mapema. Haijashuka shingoni. Watalikata shavu kidogo, watakushona, utapona Inshallah. Alilisema vizuri kila mara. Nilimwambia atazame mbele asije akatupindua.

Hadiya alikuwa amekwisha kufika, amesimama barazani ameushika ukuta. Tofiki alivua viatu akasimama palepale pake pa siku zote, akatazama kizingiti.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Pita ndani."

Tukatazamana mimi na Hadiya. Bi Kibibi hakukimbilia chumba cha ndani. Alikuwa ameketi kwenye mkeka katikati ya nyumba, leso mabegani, kichwa na uso wazi. Tofiki akaingia kwa hatua za mtu anayeingia majini asiyoyajua kina, akaketi mbele yake. Akainua kichwa ili aseme yale aliyojizoeza.

Hayakutoka. Walikuwa wanatazamana.

Bi Kibibi aliutazama ule uso kwa makini, kutoka paji mpaka kidevu. "Usiseme," akamwambia. "Nimeshaona."

Hadiya akaanza kulia nyuma yangu. Tofiki akataka kusema ni ya mapema, haijashuka, watakata kidogo tu.

"Kumbe una kovu juu ya nyusi," akasema Bi Kibibi. "La nini?"

"Nilianguka kwenye mikoko, mama. Nikiwa mdogo."

"Hadiya hakupata kuniambia." Akameza mate kwa shida. "Mombasa tunakwenda lini?"

"Kesho. Nitakupeleka mwenyewe."

Machozi yalikuwa yamemjaa Tofiki, akafanya alichozoea kukifanya mbele yake miaka yote: akainamisha kichwa. Bi Kibibi akaunyosha mkono, akamshika kidevu, akakiinua.

"Usiiname," akasema. "Nitazame, mwanangu. Ninaogopa."